Kipima Mionzi Kilichosimamishwa Kazi

Kipima mionzi kilisoma sifuri, na Lukindo alikuwa anatapika. Alitapika chai ya asubuhi, akatapika maji, kisha akatapika nyongo. Pembeni yake alisimama karani wa Wizara, ameshika kifaa cheupe, chembamba, kizuri kama kichupa cha manukato. Karani alikisoma, akaandika daftarini: "Saa tano na dakika ishirini. Sifuri. Mfanyakazi mmoja ameshindwa kutunza kifungua kinywa."

Haya yalitokea katika nchi ya Utulivu, ambayo haimo kwenye ramani yoyote, na msomaji asijisumbue kuitafuta. Ni nchi njema. Viongozi wake hawasemi uongo. Wanachofanya ni kuchagua vifaa. Na kwa kuwa nchi ile haina siri, tueleze mambo yalivyofika hapo.

*

Hizza Mkomwa alikuwa mlinzi wa lango kwenye kiwanda cha kuyeyusha chuma chakavu. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, shule aliiacha darasa la tano, na maneno yake yalikuwa machache na makavu. Kazi yake ilikuwa moja: kila lori la chuma likija, alizungushie kipima mionzi kabla halijamwaga mzigo. Chuma chakavu hakina ukoo unaojulikana. Ndani ya lori moja utakuta fremu za baiskeli, vitanda vya hospitali, mlango wa kifaru cha vita, na siku moja moja kipande cha mashine chenye moto usioonekana kwa macho wala kusikika kwa pua. Kipande hicho kikiingia, wanaokikata wanakufa na hawajui wanakufa kwa nini.

Kifaa chake kilikuwa boksi la manjano, la chuma, zito kama jiwe la kusagia. Sindano yake ilikaa chini ya kioo kinene. Swichi yake ilikuwa kubwa kama kitunguu, mtu aliyevaa glavu aliigeuza bila shida. Kilinyeshewa, kilianguka kutoka kwenye lori, kilikula vumbi la tanuri miaka kumi na tano. Na sauti yake! Kililia kama kuku anayetaka kutaga akakuta kiota kimekaliwa. Hata mtu aliyesimama mdomoni mwa tanuri, ambako ukimwita mwenzako lazima umpige bega, alikisikia.

"Shemeji," Lukindo alikuwa akimwambia kila asubuhi, "ungeoana tu na hilo boksi, dada yangu apumzike."

"Dada yako analia zaidi ya hili," Hizza alijibu. "Na yeye hana swichi."

Lukindo alikuwa mkata vyuma kwa gesi, mtu wa miraba minne, mcheshi, ndugu wa mke wa Hizza. Mwaka ule alikuwa anamjengea mama yao nyumba. Kuta zilikuwa zimesimama. Alikuwa na mabati kumi na nane, ameyaegemeza ukutani, anangoja likizo apande juu kuezeka kabla ya mvua.

*

Balaa la boksi lilianza siku Waziri alipotembelea kiwanda. Mheshimiwa Kongoro alikuwa Waziri wa Mionzi, Itifaki na Sherehe. Alikuwa amefika katikati ya sentensi, sentensi ndefu, aliyoianza kabla ya chai, ndipo lori moja likaingia langoni likiwa na bomba lenye uchafu wa mionzi. Boksi likapiga kelele.

Waziri alinyamaza. Umati ulinyamaza. Boksi halikunyamaza.

"Nani huyo?" aliuliza Waziri.

"Ni kipima mionzi, Mheshimiwa," alisema Hizza. "Kimeona kitu."

"Kimeona kitu wakati mimi naongea?"

"Hakijui kama unaongea, Mheshimiwa."

"Basi kitajua."

Bomba lilirudishwa lilikotoka, na jioni ile ile barua ililetwa. Ilisomwa kwa sauti mbele ya boksi, kwa kuwa boksi halijui kusoma: "Unatuhumiwa kwa utovu wa nidhamu na kumkatiza kiongozi. Unasimamishwa kazi kupisha uchunguzi." Maofisa wawili walilibeba mpaka stoo ya kiwanda, wakalifungia.

Lakini Utulivu ni nchi inayojali haki. Sheria yake inasema mahabusu alishwe kila siku. Kwa hiyo mtunza stoo, Bi Sikudhani, aliagizwa kulibadilishia boksi betri kila asubuhi na kuweka sahihi kwamba mtuhumiwa amekula.

*

Ikaundwa kamati ya kuchagua kifaa kipya. Mwenyekiti wake alikuwa Profesa Ndimbo, mtu aliyesoma mpaka shingo ikapinda. Kanuni ilikuwa na mstari mmoja tu: kipima mionzi lazima kiendane na mazingira ya kazi. Hakuna aliyeipinga. Hizza aliitwa mji mkuu kama mdau, akapewa kiti karibu na mlango.

"Mdau, tueleze," alisema Profesa.

Hizza alisimama. "Langoni kwetu jua la saa nane linakaanga yai juu ya boneti. Kuna vumbi la chuma. Kuna mvua. Kuna kelele za tanuri. Tunavaa glavu. Tunataka kifaa kinachostahimili joto, kisichoingiza vumbi, chenye sauti kubwa au kinachotetemeka kifuani. Na kiwe na uwezo wa kupima mionzi midogo na mikubwa sana, kwa sababu hatujui lori limebeba nini. Kile cha zamani kilikuwa hivyo hivyo. Kirudisheni."

Wajumbe waliandika. Profesa alivua miwani.

"Umesema vizuri, ndugu yangu. Lakini umeeleza mazingira yako. Sisi tunatafuta mazingira ya kazi. Niulize: kazi ya kipima mionzi ni nini?"

"Kupima mionzi."

"Ili?"

"Ili watu wasife."

"Hapana. Ili taarifa iandikwe. Na taarifa inaandikwa wapi?"

Hizza alifungua mdomo ajibu.

"Inaandikwa ofisini!" alisema Profesa, na wajumbe wakapiga meza. "Kwa hiyo mazingira ya kazi ya kipima mionzi ni ofisi."

Waliipima ofisi kwa umakini mkubwa sana. Joto: nyuzi kumi na tisa, kiyoyozi kikiwa katikati. Vumbi: halipo, kuna zulia. Unyevu: mvuke wa chai. Kelele: kijiko ndani ya kikombe. Mionzi: haipo kabisa. Kisha wakanunua kifaa kilichoendana na hayo yote. Kilikuwa cheupe. Hakikuwa na sauti. Kikiona hatari kiliwasha kitaa cha kijani, kwa kuwa taa nyekundu huleta taharuki. Vitufe vyake vilikuwa vidogo kama punje za ulezi. Kitabu chake cha maelezo kilisema kimetengenezwa kwa ajili ya maabara safi, kutafuta mionzi midogo tu, na kwamba kikipelekwa penye mionzi mikubwa kinaweza kuzidiwa na kusoma sifuri. Ukurasa huo ulichanwa. Kumbukumbu za kikao zilitaja sababu: ulikuwa ukurasa wa kukatisha tamaa.

Kifaa kiliapishwa kwenye ukumbi wenye mapazia, kikakata utepe wake chenyewe, kikiongozwa na mkono wa Waziri.

"Kimetulia," alisema Waziri akikitazama. "Hiki kimelelewa."

*

Jumanne moja asubuhi lori lilifika kutoka kaskazini. Dereva wake, Mtoro, alishuka akiyumba.

"Malaria, kaka," alisema. "Imenishika tangu jana. Nipitishe haraka nikalale."

Juu ya vyuma vyake palikuwa na kitu kama chungu cha chuma, kizito, cha mviringo, kimepasuka upande mmoja. Kilitoka kwenye mashine ya zamani ya kutibu saratani. Nani alikiuza hakuna ajuaye, na katika Utulivu ni utovu wa adabu kuuliza.

Hizza alianza kulisogelea lori na kifaa cheupe. Alivua glavu ili aweze kubonyeza vitufe. Jua lilikuwa kali, akakiwekea kivuli kwa kofia ili aone namba. Hatua thelathini, namba zikaanza kupanda. Hatua ishirini na tano, zikakimbia. Hatua kumi, sifuri.

Alisimama. Akarudi nyuma. Namba zikakimbia tena. Akaenda mbele. Sifuri.

Hizza hakuwa amesoma, lakini alikuwa amefuga mbwa. Alimjua mbwa anayebweka chui akiwa mbali, na chui akifika mlangoni anaingia uvunguni kimya. Alimshika Mtoro mkono, akamtoa pale, akafunga lango, akaliacha lori nje. Kisha akapiga simu Wizarani.

"Kuna kitu kikubwa hapa. Kifaa chenu kinazidiwa. Nirudishieni boksi langu."

"Ukiwa karibu kinasoma ngapi?" sauti iliuliza.

"Sifuri. Ndiyo nasema kinazidiwa."

"Sifuri," sauti ilirudia kwa furaha, na simu ikakatwa.

*

Alhamisi walikuja wote. Kamati ilikuja, karani alikuja, bendi ilikuja. Waziri alikuja pia, ila gari lake lilisimama mita mia tano kutoka langoni, kwa sababu za itifaki, na kutoka humo alizungumza kwa kipaza sauti.

Profesa Ndimbo alikwenda na kurudi na kifaa cheupe mara tatu, kwa haraka ya mtu mwenye haja. Kisha akatangaza matokeo. Mbali na chungu, kifaa kinaonyesha mionzi. Karibu na chungu, kifaa kinaonyesha sifuri. Sayansi haina ugomvi na mtu: hatari iko hatua thelathini kutoka kwenye chungu. Mahali salama kuliko pote kiwandani ni kando ya chungu chenyewe.

Chungu kilishushwa kwa winchi katikati ya uwanja. Wakachora duara kwa chokaa, hatua kumi kila upande. Ndani ya duara wakaandika USALAMA. Nje wakaandika HATARI. Wafanyakazi kumi na wanane waliamriwa waingie ndani ya duara kwa faida yao. Mtoro dereva, aliyekuwa hawezi kusimama, alibebwa na kulazwa humo apate nafuu. Karani wa Wizara alijiunga nao kwa hiari, maana alikuwa mtu mwoga. Profesa alisema yeye itabidi avumilie hatari, akaenda kuivumilia kwenye gari la Waziri.

Waziri naye, kwa unyenyekevu wake, alikataa nafasi ya katikati. "Viongozi tutabaki huku kwenye hatari," alisema kwenye kipaza sauti. "Wananchi kwanza."

Wananchi walipiga makofi.

"Msiingie!" Hizza alipaza sauti. "Kifaa kimekufa! Sifuri hiyo si ya usalama, ni sifuri ya maiti! Lukindo, toka hapo!"

"Huyo mtu anafanya nini?" aliuliza Waziri.

"Anapinga sifuri, Mheshimiwa."

"Aadhibiwe. Asimame kwenye hatari mpaka ajute."

Wakamsukuma Hizza nje, nje kabisa, nyuma ya ukuta wa zege wa mizani, mahali ambapo kifaa kilionyesha namba ndogo ndogo. Huko ndiko alikoadhibiwa.

Lukindo alikuwa amepewa kazi ya heshima: kukikata chungu na kutoa kilichomo, ili mwisho wa sherehe amkabidhi Waziri kama kumbukumbu. Alimpigia shemeji yake kelele kutoka ndani ya duara, huku akiwasha gesi.

"Shemeji! Umepewa kona ya hatari leo! Nikusalimie nani nyumbani?"

"Lukindo, nakuomba. Weka chini hilo bomba la gesi."

"Nikiweka chini nafukuzwa. Likizo yangu ni wiki ijayo, mama analala chini ya turubai. Nikate hiki kitu, niondoke zangu."

Alikata. Ndani palikuwa na kipande kinachong'aa, kidogo kama betri ya redio, kizuri. Kila mtu alisogea kukitazama. Karani alikiwekea kifaa cheupe juu yake. Sifuri. Lukindo alikifuta na kuking'arisha, akakitia kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo, kusubiri zamu ya makabidhiano. Ilikuwa saa tatu na nusu, na hotuba ndiyo kwanza imeanza.

Saa tano na dakika ishirini alianza kutapika.

*

Hizza aliacha adhabu yake akakimbilia stoo. Bi Sikudhani alikuwa mlangoni, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Dada, nipe boksi."

"Kaka Hizza, huyo ni mahabusu. Hatembelewi bila barua. Kuna fomu, inataka ujaze uhusiano wako na mtuhumiwa."

"Lukindo anatapika nyongo."

Sikudhani alimtazama. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Basi ni kweli. Tangu Jumanne analia. Asubuhi namlisha betri, analia. Sindano imelala mwisho. Niliandika taarifa, wakanijibu mahabusu wote hulia. Nikamfunika blanketi. Mablanketi matatu."

"Siku mbili, dada?"

"Siku mbili. Na mimi niliweka sahihi kwamba amekula."

Alifungua mlango bila fomu. Chini ya mablanketi boksi la manjano lilikuwa linalia kwa sauti iliyochoka. Hizza aliyavuta mablanketi, akalibeba begani, akakimbia nalo mpaka uwanjani. Kila hatua lilizidi kupaza sauti. Alipofika kwenye chokaa, sindano ilikuwa imegandia mwisho wa kioo. Haikurudi. Boksi lile lilitengenezwa na watu waliojua kwamba kifaa kikizidiwa ni heri kife kikipiga kelele.

Wale wazee wa kiwanda waliijua sauti ile. Miaka kumi na tano waliisikia, na maana yake ilikuwa moja. Hawakungoja Profesa. Wa kwanza alikimbia, kisha wa pili, kisha wote waliokuwa na miguu, wakaivuka chokaa kuelekea upande ulioandikwa HATARI.

"Nani amemtoa mahabusu?" kipaza sauti kilinguruma. "Nipo kwenye sentensi!"

Lukindo hakukimbia. Alikuwa amekaa chini, ameegemea winchi, uso umekuwa mwekundu kama aliyelala juani.

"Kiko wapi?" aliuliza Hizza.

"Mfukoni, shemeji. Nangoja kukabidhi."

Hizza alivaa glavu moja aliyokuwa nayo, akakitoa, akakirudisha ndani ya chungu, akabiringisha juu yake bamba nene la chuma la tanuri. Halafu akamshika Lukindo kwapani akamburuta. Shati la Lukindo halikuwa na tundu wala doa. Chini ya mfuko, ngozi ilikuwa nyekundu, umbo la betri ya redio.

"Boksi lako linalia," Lukindo alisema, akijaribu kucheka. "Mwambie anyamaze. Nimesikia."

*

Kulikuwa na kesi, kwa kuwa Utulivu ni nchi ya sheria. Boksi la manjano lilipatikana na hatia ya kulia mara ya pili, likanyimwa betri maisha. Hizza alifungwa miezi minane kwa kumtorosha mahabusu. Sikudhani alifukuzwa kazi kwa kupoteza fomu ambayo haikujazwa. Kifaa cheupe kilipewa nishani ya utulivu kazini. Iko mpaka leo kwenye ukumbi wenye mapazia, na kifaa kando yake, joto nyuzi kumi na tisa, hakuna vumbi.

Taarifa ya Wizara ilikuwa na ukurasa mmoja. Mionzi iliyoonekana mahali pa tukio: sifuri. Waliodhurika na mionzi: sifuri, kwa mujibu wa kifaa. Mwishoni Profesa aliongeza kwamba baadhi ya wafanyakazi walipata homa kutokana na kukimbia kuelekea kwenye hatari.

Hizza aliikuta taarifa hiyo kwenye gazeti lililofungia maandazi ya gerezani. Aliisoma polepole, kama anavyosoma kila kitu. Kisha akahesabu mwenyewe, kwa kuwa mtu aliyeishia darasa la tano anajua kuhesabu.

Ndani ya duara walikuwa ishirini. Mtoro, dereva, alikufa siku ya tano. Lukindo alikufa siku ya kumi na moja, kifua kimefunguka. Karani wa Wizara alikufa siku ya kumi na tisa, na kwenye daftari lake ukurasa wa mwisho uliandikwa sifuri kumi na nne, moja chini ya nyingine. Wapakiaji wanne waliosimama karibu na winchi walikufa kabla mwezi haujaisha. Hao saba. Kumi na watatu waliokimbia bado wako hai. Sita wamenyonyoka nywele, mmoja haoni jicho la kushoto. Mkono wa kulia wa Hizza una vidole vitatu.

Mvua ilinyesha tarehe yake. Mama wa Lukindo ana chumba kimoja, kuta nne na turubai. Mabati kumi na nane yameegemea ukuta.